Kuku Huyu Ametoka Wapi?

Kununua kuku huonekana kuwa jambo jepesi. Mtu humpima mkononi, hutazama kishungi chake, hubishana bei kidogo, kisha humfunga miguu na kwenda zake. Walakini kuku mmoja aliyenunuliwa hivyo aweza kuumaliza ua mzima kabla ya majuma mawili kupita.

Kwa watu wa Shituru, katika mji wa Likasi, hasara hiyo si ndogo. Zamani za Union Minière, kampuni iliyoanzisha kiwanda cha shaba cha Shituru mwaka 1929, mfanyakazi alipewa nyumba, na jamaa yake walipokea posho ya unga. Kuku alikuwa wa sikukuu na wa mgeni. Miaka ya 1990 Gécamines ilidhoofika, mishahara ikakawia miezi mingi. Na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kampuni hiyo kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Ndipo mama wengi walipougeuza ua kuwa shamba. Leo mtetea mmoja aweza kuwa daftari za mtoto, au dawa ya usiku.

Adui mkubwa wa ua huo ni kideri, ambacho waganga wa mifugo hukiita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza kilikotambuliwa mwaka 1926. Kuku hujikunyata, manyoya husimama, pumzi humpata kwa shida, kinyesi huwa cha kijani, na pengine shingo hupinda. Dawa ya kumponya haipo. Tena ugonjwa hujificha mwilini tangu siku 2 hata 15 kabla ya kuonekana. Kwa hiyo kuku anayewika sokoni leo aweza kuwa amekwisha kuupata. Basi macho peke yake hayatoshi. Yafaa kuuliza.

Ninyi wanafunzi mnaotumwa na wazazi kununua kuku, msione haya.

“Jambo, mama. Kuku huyu umemfuga mwenyewe?”

“Jambo, mwanangu. Nimemnunua jana njiani, kwa mtu wa baiskeli.”

“Na wale wa nyumbani kwako, ni wazima wote?”

Mama huyo amejibu kweli, naye astahili shukrani. Lakini afadhali kumwacha kuku wake. Kuku wa njiani amelala katika kikapu kimoja na kuku wa vijiji vitatu. Nenda kwa mfugaji wa jirani, uone banda lake, uone ndugu za kuku yule wakila. Ukitaka jogoo, mchukue mtaa mwingine, asije akapanda dada zake, kizazi kikadhoofika. Wala usimshawishi mtu akuuzie mtetea anayeatamia. Siku 21 za kungoja si nyingi.

Muuzaji naye ana wajibu, na hapa ndipo penye ugumu. Mfikirie mama mwenye kuku 12. Jumatatu wawili wamekufa. Ijumaa mtoto wa sekondari atarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kuku kumi waliobaki wangali wanakula. Nani atamlaumu akiwapeleka sokoni alfajiri? Hakuna atakayejua. Lakini mnunuzi wake ni mama kama yeye, wa Panda au wa Kikula, naye ana mtoto wa shule vilevile. Kuuza namna hiyo ni kumtwika mwenzako mzigo wako bila kumwambia, na kuchukua fedha yake juu yake. Siwezi kuliita jambo hilo biashara.

Afanye nini, basi? Walio wazima bado aweza kuwachinja nyumbani, nyama ipikwe mpaka iive. Kideri hakimdhuru mlaji wa nyama iliyoiva. Matumbo na manyoya yafukiwe chini sana, mbali na mbwa. Waliokufa wachomwe au wafukiwe. Asiuze kuku hai, wala asinunue wengine upesi, bali awaambie majirani siku ileile, ijapokuwa ni aibu. Majirani nao wasimcheke. Ugonjwa ukiisha, mmoja wao ampe mtetea wa kufuga, naye arudishiwe vifaranga kadha wa uzao wa kwanza. Karo haitapatikana kwa Ijumaa hiyo, ni kweli, na mkuu wa shule itambidi kuombwa muda.

Kinga ipo. Chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia na kutumika Tanzania na Msumbiji, yastahimili joto kuliko nyingine. Kila kuku hupewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi 4. Chanjo za kideri huja katika chupa ya kuku wengi, na chupa ikifunguliwa haikai. Kwa hiyo nyumba kadhaa za mtaa mmoja zapatana kununua chupa moja na kuchanja siku moja, kwa shauri la mganga wa mifugo. Wachanjwe walio wazima tu. Mfugaji wa namna hiyo akiongeza bei kidogo, usimnung'unikie.

Kwa Shituru kuna neno moja zaidi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini wana kobalti nyingi mwilini. Kuku hudonoa vumbi kutwa. Chakula chake kiwekwe katika chombo, kisitupwe mchangani, na asiachwe kuchakura penye mifereji ya kiwanda.

Kuku mgeni akifika kwako, mfungue miguu, mpe maji, na umweke peke yake kwa majuma matatu, mbali na wenyeji. Kila asubuhi walishe wenyeji kwanza, yeye mwisho. Kisha nawa mikono, na viatu uviache mlangoni pa banda lake.