TUCHORE SHAMBA LETU PAMOJA NA WAJUKUU

Ndugu msomaji, nyumba nyingi hapa Milanzi zina wajukuu. Baba na mama wamekwenda shambani, sokoni, au mjini Sumbawanga kutafuta kazi. Watoto wadogo hubaki na bibi au babu.

Bibi ameketi barazani. Anachambua maharage. Wajukuu wako hapo hapo, wanachezea maganda. Bibi anakasirika: "Tokeni hapa, msinimwagie maharage yangu!" Watoto wanaondoka. Maharage yamepona, lakini nafasi nzuri ya kuwafundisha watoto imepotea.

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo bibi, babu na wajukuu wanaweza kuifanya pamoja. Kazi hiyo ni kutengeneza picha ya shamba. Tunapaka rangi juu ya kipande cha boksi. Kisha tunabandika mbegu, nyasi, majani na vipande vya nguo.

INA FAIDA GANI?

Kwanza, inaandaa mkono wa mtoto. Mtoto wa miaka 4 au 5 huokota mbegu ya alizeti kwa ncha za vidole. Vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli atakapoanza shule.

Pili, inamfundisha kilimo. Mtoto anajifunza kutofautisha ulezi na uwele, mahindi na ngano.

Tatu, inakusaidia wewe mwenyewe uliyejifunza kusoma ukubwani. Chini ya kila kitu kilichobandikwa, wewe utaandika jina lake. Andika MAHINDI. Andika ULEZI. Andika MAHARAGE. Kusoma ni kama jembe. Jembe lisilotumika hushika kutu.

Huenda mzee mmoja akauliza: "Mtaalamu, leo unatufundisha kuchezea chakula?" Hapana, mzee wangu. Hatutumii chakula kizuri. Tunatumia maharage yaliyobunguliwa, mahindi yaliyovunjika, maganda na pumba. Konzi moja tu inatosha.

RANGI ZIKO CHINI YA MIGUU YETU

Usiende dukani kununua rangi. Huko Kondoa, katika Mkoa wa Dodoma, kuna michoro ya kale kwenye mapango na miamba. Watu wa zamani walichora wanyama na watu. Michoro mingi ni ya rangi nyekundu iliyotoka ardhini. Mpaka leo inaonekana. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sisi pia tuna udongo. Fanya hivi:

1. Rangi nyekundu: chukua udongo mwekundu uliokauka. Utwange, kisha uchekeche kwa kitambaa.
2. Rangi nyeusi: saga mkaa wa kuni.
3. Rangi ya kijivu: chekecha majivu yaliyopoa kabisa.
4. Rangi ya njano: tumia bizari ya manjano kidogo.
5. Rangi ya kijani: ponda majani ya maboga, kamua maji yake. Rangi hii hupauka upesi, lakini mtoto ataifurahia.

Burashi ni kijiti kilichotafunwa ncha, kama mswaki. Unyoya wa kuku pia unafaa. Osha unyoya kwa sabuni kwanza.

GUNDI YA UNGA

Chukua vijiko 2 vya unga wa ngano. Koroga kwa maji ya baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Ongeza maji yafike kikombe 1. Weka motoni, endelea kukoroga. Ikiwa nzito kama uji, epua. Mtoto asiishike mpaka ipoe.

Gundi hiyo hiyo huifanya rangi ishike. Changanya kijiko 1 cha unga wa udongo na kijiko 1 cha gundi. Ongeza maji kidogo kidogo. Tengeneza gundi ya kutosha siku moja, maana ikikaa huchacha.

KAZI YENYEWE

Chukua upande wa boksi la dukani. Usianze kuchora wewe. Muulize mjukuu: "Shamba letu liko wapi? Maji yanapita wapi? Nyumba iko upande gani?" Mwache aonyeshe kwa kidole. Kisha apake rangi: nyekundu kwa ardhi, kijani kwa majani. Yakikauka, abandike.

Sasa tuje kwenye jambo la maana zaidi. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa wataalamu. Walilima matuta ya mviringo. Walikusanya nyasi, wakazifukia ndani ya udongo. Nyasi zilioza zikawa mbolea. Ndivyo walivyoilisha ardhi ya uwanda huu wa juu kabla ya mbolea ya madukani. Wapo wanaolima hivyo hata leo.

Mfundishe mjukuu tuta hilo kwa mkono wake. Apake gundi duara moja. Abandike nyasi kavu. Apake gundi tena juu ya nyasi. Kisha anyunyize udongo mpaka nyasi zifunikwe. Ukikauka, abandike maharage juu. Atakuuliza: "Bibi, mbona tumezificha nyasi?" Hapo ndipo somo linapoanza. Mweleze nyasi zinafanya kazi gani mle ndani. Mtoto aliyezifukia nyasi kwa vidole vyake hatapenda kuzichoma moto atakapokuwa mkubwa.

Usimsahihishe kila wakati. Akiweka ng'ombe mkubwa kuliko nyumba, mwache. Muulize tu huyo ng'ombe anakula nini. Kama wajukuu ni wawili au watatu, kila mmoja apewe sehemu yake ya boksi. Hivyo hawatagombana.

Wala usiseme, "Mimi sikusomea uchoraji." Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1932, hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya mbao za dari. Alifariki mwaka 1972, lakini picha za mtindo wake zinauzwa hadi nchi za nje. Zinaitwa kwa jina lake: Tingatinga.

TAHADHARI

Ndugu msomaji, hapa soma polepole. Ukimaliza, soma tena.

• Usitumie mbegu zilizotiwa dawa. Mbegu za kupanda za dukani mara nyingi hupakwa dawa yenye rangi nyekundu, ya waridi, kijani au bluu. Zinapendeza machoni, na mtoto huzipenda. Lakini hizo ni sumu. Zifungie mahali pa juu.

• Usichanganyie rangi katika chupa au kopo la dawa ya mimea, hata kama limeoshwa.

• Usitumie unga mweusi wa betri za redio au tochi. Una sumu. Mkaa unatosha.

• Tingatinga alikuwa mtu mzima. Watoto wasipewe rangi za mafuta. Baadhi yake zina madini ya risasi, nayo hudhuru akili ya mtoto.

• Usitumie chokaa. Huunguza macho.

• Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe punje. Anaweza kupaliwa, au kuzitia puani na masikioni. Yeye apewe rangi ya udongo na majani makubwa tu. Hata hao wakubwa, kaa nao mpaka kazi iishe. Kisha fagia punje zote.

Punje ikiingia puani au sikioni, usichokonoe kwa kijiti. Utaisukuma ndani zaidi. Mpeleke mtoto zahanati. Akimeza mbegu yenye dawa, mpeleke mara moja, na uchukue pakiti ya mbegu hiyo ili mganga aione.

BAADA YA KUMALIZA

Andika jina la kila zao. Andika majina ya wajukuu waliofanya kazi. Andika tarehe na mwaka. Tundika picha ukutani, mbali na moshi na panya. Jioni wazazi wakirudi, mtoto awaonyeshe na kuwaeleza. Wewe nyamaza, msikilize. Alichokieleza vizuri amekielewa. Alichokisahau utamfundisha kesho.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mjukuu wako bado ni udongo laini. Msimu huu ukikaa kuchambua maharage, usimfukuze. Tenga konzi moja ya yale mabovu, mwite akae karibu nawe, muanze kazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mbegu za dukani zenye rangi hazifai kuchezewa?
2. Wazee wetu walifukia nini ndani ya matuta? Kwa nini?
3. Katika shamba lako kuna mazao gani? Andika majina yake.