Cherehani Inunuliwe Mwisho

Chemsha maji kwenye sufuria ndogo. Kata ukanda mwembamba wa ngozi, urefu wake kama kidole cha shahada, uupime kwa rula, uutumbukize maji yakiwa yanatokota, uhesabu mpaka sitini, kisha uutoe. Ukitoka umefupika, umejikunja na kukakamaa kama ganda la chungwa lililoachwa juani, hiyo ni ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti. Ukitoka karibu vilevile ulivyoingia, laini na mrefu uleule, imesindikwa kwa chumvi za kromiamu.

Naanzia jikoni kwa makusudi. Watu wa Dar es Salaam wanaotaka kushona ngozi kwa kujifurahisha, mwalimu wa Tegeta au karani wa Mbagala anayetafuta kazi ya mikono ya Jumamosi, hunijia na swali moja: ninunue cherehani gani? Nikiwaambia wasinunue yoyote kwanza, wananuna. Nawaelewa, maana mimi mwenyewe nilianza na cherehani. Nilichukua ya miguu ya nyumbani, ile ya kushonea nguo, nikaipitishia mkanda wa suruali wenye unene wa karibu milimita nne. Nilivunja sindano tatu. Ya nne haikuvunjika, ila mashine ikaacha kushona kabisa, kwa sababu sindano na ndoano ya chini hazikukutana tena kwa wakati wake. Fundi cherehani wa Mtoni aliifungua, akachungulia, akaniuliza: “Dada, umeshona nini humu, tairi?”

“Mkanda, fundi.”

“Basi mkanda umekushona wewe.”

Ngozi ndiyo inayochagua zana. Ukishajua una ngozi gani mkononi na unene wake ni milimita ngapi, nusu ya maswali ya madukani yanajijibu.

Tuirudie sufuria. Ngozi mbichi ni protini, na kusindika ni kuifunga protini hiyo isioze. Magome ya miti yana tanini inayofanya kazi hiyo polepole, kwa majuma. Sisi Watanzania tuna historia nayo ndefu kuliko tunavyokumbuka. Enzi za Wajerumani magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa nje kwenda kusindikia ngozi, na huko Njombe kampuni ya miwati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949 ili kukamua dawa ya ngozi kutoka kwenye magome ya mti huo. Kromiamu ni ya karne ya 19. Humaliza kazi kwa siku chache, na ngozi hutoka na rangi ya buluu kabla ya kupakwa nyingine. Ndiyo maana ukikata ngozi ya kromu na kutazama ukingo wake, mara nyingi utaona ukanda wa kijivu cha buluu katikati. Sehemu kubwa ya ngozi inayouzwa duniani leo ni ya aina hiyo.

Kwa mtu anayekata na kushona nyumbani, tofauti ni kubwa. Ngozi ya magome ikiloweshwa kidogo hufinyangika: inashika muhuri, inashika umbo la kisu ukiitengenezea ala, na ukingo wake ukisuguliwa unang'aa. Hiyo ndiyo ya mikanda, ala na mikoba migumu. Ya kromu ni laini, inavumilia maji zaidi, lakini ukiigonga muhuri alama inafifia, na ukingo wake hausuguliki. Inabidi uukunje ndani au uupake rangi. Itumie kwa mikoba ya kuning'inia na pochi za kukunja. Mwanafunzi wangu mmoja alikesha anasugua ukingo wa ngozi ya kromu kwa nta, akidhani mkono wake ndio mbovu. Mkono ulikuwa mzima.

Kuna na ya tatu, inayojaa mitaani: ngozi bandia, kitambaa kilichopakwa plastiki. Igeuze. Ukiona nyuzi zilizofumwa badala ya nyuzinyuzi za ngozi zilizosokotana ovyo, rudisha. Ile iliyopakwa poliyurethani haivumilii joto la Dar lenye unyevunyevu. Baada ya misimu michache inaanza kubanduka maganda, na hakuna mshono wa kuiokoa.

Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, kwa hiyo mtu angetarajia ngozi nzuri imwagike. Haimwagiki. Ng'ombe wetu wengi ni wa asili, wanaopita vichakani, na kila mwiba, kila kupe na kila chapa ya moto iliyopigwa mgongoni inabaki kwenye ngozi. Kisu cha mchinjaji nacho huacha mikato upande wa nyama ambayo huioni mpaka uvute. Viwanda vya kusindika vimekuwapo Himo, Arusha, Morogoro na Kibaha, ila mnunuzi wa kipande kimoja hakaribishwi sana mlangoni. Njia yangu ni maonyesho ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, kila Julai: pale unaishika, unaikunja, unauliza ilisindikwa na nini, na unaondoka na mtu wa kumpigia simu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, nalo huwakusanya wasindikaji wadogo, na anayetaka kusoma fani yenyewe ataikuta Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT, kampasi ya Mwanza.

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, na hapo ndipo mgeni anapopigwa. Futi ya tumboni na futi ya mgongoni si futi moja. Ngozi ya mgongo imebana, haivutiki. Ya tumbo ni legelege, ukiifanya mkanda utakuwa unarefuka kila ukila ugali. Nenda na rula ya chuma na bikari, pima unene sehemu tatu. Pochi inataka milimita moja hadi moja na nusu, mkoba mbili hivi, mkanda tatu na nusu. Ngozi ya mbuzi, nyembamba lakini ngumu kuchanika, ni rafiki wa mwanafunzi, na inafaa pia kwa bitana.

Kama mfuko hauruhusu, usidharau mitumba. Jaketi la ngozi lililochanika zipu, kutoka Karume au Tandika, lina futi kadhaa za ngozi halisi. Lifumue, usilikate ovyo. Paneli ya mgongoni ndiyo kubwa kuliko zote. Utaharibu mikoba miwili ya kwanza hata hivyo, bora uiharibie humo. Ngozi mbichi ya machinjioni iache huko huko. Kusindika kwenye nyumba ya kupanga ni ugomvi na majirani, maji yake yana kemikali, na ngozi isiyosindikwa inaweza kubeba vimelea vya kimeta.

Sasa zana. Kaa nusu siku kwenye kijiwe cha fundi viatu uone anavyofanya kazi na vitu vitano. Kisu chake ni kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa upande mmoja. Msharasi wake ni spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha na kutiwa mpini. Ana nyundo, ana koleo, ana kinoo. Kinoo ndicho ninachokitaja kwa msisitizo, kwa sababu kisu butu hakikati ngozi, kinaiburuta, na mkono unaoburuta ndio unaoteleza. Baada ya kunoa, kisu kipitishe mara kumi kwenye mabaki ya ngozi yaliyopakwa dawa ya kung'arishia vyuma.

Nafasi za matundu ndizo zinazoonyesha mshono wa fundi na wa mtu wa kubahatisha. Zana yake ni uma wa chuma wenye meno yaliyopangwa, milimita nne kutoka jino hadi jino, au tatu kwa kazi ndogo. Kabla hujaupata, chukua uma wa mezani. Chora mstari kwa bikari, weka meno ya uma juu yake, bonyeza. Sogeza mpaka jino la kwanza likae kwenye alama ya mwisho, bonyeza tena. Utapata safu iliyonyooka, ingawa imeachana kidogo. Kisha toboa kwa msharasi, ukiushika wima. Uma wa chuma usiugonge kwa nyundo ya chuma, utakufa mapema. Tafuta kipande cha mninga kwa mafundi samani wa Keko, kichongwe nyundo ya mti. Na wachongaji wa Mwenge watakupa kwa bei ya kuelewana kijiti cha mpingo kilichochimbwa mfereji mmoja. Hicho ndicho cha kusugulia kingo. Nimetumia vya plastiki vilivyoagizwa nje. Mpingo unavishinda, kwa sababu ni mzito, ni laini na haunywi maji.

Uzi usiununue kwenye duka la nguo. Uzi wa kushonea nyavu, ule wa nailoni wa nyuzi nyingi, una lebo kama 210D/9: namba ya mwisho ikipanda, uzi unanenepa. Tisa unatosha mkoba. Kasoro yake ni kwamba nailoni huchoka na jua, kwa hiyo kwa kitu kitakachokaa nje chagua poliesta. Mshipi wa kuvulia, ule wa unyuzi mmoja unaong'aa, hapana. Fundo lake linateleza. Upitishe uzi mara mbili kwenye nta ya nyuki, ya Tabora au kwingineko, mpaka utoe sauti ya kukwaruza.

Mshono wenyewe ni wa sindano mbili: uzi mmoja, sindano kila mwisho, zote zikipita tundu lilelile kutoka pande mbili. Uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono. Cherehani haifanyi hivi. Yenyewe ina nyuzi mbili zinazoshikana katikati ya ngozi, wa juu na wa chini, na wa juu ukilika, kishono kwa kishono huanza kuachia. Wa mkono ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado umeshika.

Gundi ya viatu, ya kopo, hupakwa pande zote mbili na kuachwa dakika kumi hadi ishike kidole bila kukilowesha. Inafukiza kiyeyushi kinacholevya, basi fungua dirisha, na kopo lisikae chumba wanacholala watoto.

Morogoro kulikuwa na kiwanda cha viatu kilichofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970. Kilikuwa na mashine za kisasa kabisa za wakati huo na mipango ya kuuza Ulaya. Kuta zilikuwa za alumini, bila hewa ya kutosha kwa joto la pale. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ulisimama mwaka 1990. Sababu zilikuwa nyingi, sitaki kuzifanya moja. Lakini kila nikimwona mtu anashusha cherehani mpya kwenye bajaji wakati hana hata futi moja ya ngozi ndani, nakikumbuka kiwanda kile.

Siku ya cherehani ikifika, ya nyumbani isitupwe. Inaweza tabaka mbili za ngozi ya jaketi, ukiweka sindano ya ngozi ya namba 16 au 18 yenye ncha inayokata, na kishono cha milimita tatu au zaidi. Vishono vikikaribiana sana, ngozi inachanika kwenye mstari kama stempu. Mguu ukinata, weka karatasi nyembamba juu, ushone, uichane. Badala ya pini tumia vibanio vya nguo, kwa kuwa tundu la pini halifi.

Juu ya hapo kuna ya mkono ya mafundi viatu, inayozungushwa kwa gurudumu. Haihitaji umeme na mguu wake unageuka pande zote; ukikutana na Singer 29K ya zamani iliyotunzwa, usiipite. Za Kichina za umbo hilo ni rahisi, ila tenga siku nzima ya kupiga msasa na kutia mafuta. Ya tatu ni ya kiwandani yenye mguu unaotembea: mguu wa juu, sindano na meno ya chini huenda pamoja, hivyo tabaka hazitelezeani. Iulizie mota ya sevo, inayokubali kwenda polepole. Mota ya zamani ya klachi hukimbia kabla hujawa tayari.

Usinunue bila kwenda na ngozi yako na uzi wako. Pandisha tabaka nne, zungusha gurudumu kwa mkono, utazame upande wa chini. Mkanda wangu ule niliumalizia kwa sindano mbili, jioni mbili barazani. Cherehani ya ngozi niliipata miaka mitatu baadaye, na mikanda bado siipitishi humo.