Chai haikaushi mwili, lakini si dawa ya mtoto anayeharisha

Katika makutano yetu swali hili linarudi kila mara: je, ni kweli chai inakausha maji mwilini?

Tujibu wazi: hapana. Chai karibu yote ni maji. Ina kafeini, ambayo huongeza mkojo kidogo, lakini maji yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanaume 72. Walinywa lita moja ya kinywaji, kisha mkojo ukapimwa kwa saa 4. Waliokunywa chai au kahawa walikojoa sawasawa na waliokunywa maji. Vilivyokaa zaidi mwilini ni maziwa na SRO, yale maji ya pakiti tunayopewa kwenye kituo cha afya.

Basi mama anayepanda Kadutu na mzigo mgongoni asiogope kikombe chake. Maji, chai, uji na mchuzi, vyote vinahesabiwa. Pombe ni habari nyingine: inauzuia mwili kushika maji, ndiyo maana aliyezidisha kasiksi anaamka na kiu.

Lakini chai ina mipaka yake. Ikinywewa pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma ya sombe na maharagwe yasiingie vizuri katika damu. Tungoje saa moja baada ya kula, hasa wenye mimba. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 anyonye ziwa tu, bila chai wala maji.

Hatari kubwa iko hapa: mtoto anaharisha, tunampa chai yenye sukari nyingi au soda. Sukari hiyo nyingi inavuta maji kwenye matumbo, na kuhara kunazidi. Kumbe anahitaji maji, chumvi na sukari kwa kipimo. Tumpe SRO: pakiti moja katika lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, tuchemshe maji yapoe, tupime lita moja, tutie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Tusipime kwa chupa ya bia, haifiki lita, chumvi itazidi. Tumpe kidogo kidogo, tuendelee kumnyonyesha, na yakibaki hadi kesho tuyamwage.

Macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, akishindwa kunywa, au akiharisha maji meupe kama ya kuosha mchele, tusingoje asubuhi. Tumpeleke kituo cha afya mara moja, tukimnywesha njiani.

Wiki hii, kila kikundi kipime nyumba kwa nyumba: nani ana pakiti ya SRO, na nani ana chombo cha lita moja?