Sebule na Ukumbi Baada ya Masika



Kila mwaka, mpunga ukisha kuvunwa katika bonde la Kilombero, watu wengi wa Namawala hurejea kijijini. Wakati wa masika hukaa mashambani katika vibanda na madungu, wakiulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Na nyumba ya kijijini hufungwa, au huachiwa wazee na watoto wa shule. Basi mama wa nyumba afunguapo mlango mwezi wa Juni au Julai, huikuta sebule imejaa tando za buibui, na ukumbi, yaani ile njia ya ndani iendayo mpaka uani, una mistari ya mchwa ukutani. Magunia ya mpunga yako nje yangoja. Ndipo asemapo, "Fagieni upesi, magunia yaingie." Haraka hiyo ndiyo nitakayo kuinena mwezi huu.

Watu hudhani ya kuwa nyumba iliyokaa tupu miezi mitano haina wadudu wa kuuma watu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuumwa. Sivyo. Yuko mdudu mmoja aliyezoea kungoja, naye ni papasi. Hana macho, ngozi yake ni ya rangi ya udongo, ngumu kama ngozi kuukuu ya kiatu, mchana hujificha katika vumbi na nyufa za sakafu na miguuni pa ukuta, na usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi alikotoka. Mara nyingi aumwaye haamki. Tena papasi aweza kukaa miaka kadhaa bila kula, akawa hai. Miezi mitano ya masika kwake ni kama usiku mmoja.

Maradhi aletayo huitwa homa ya papasi, na wengine huiita homa ya kurudia, kwa kuwa hupanda siku chache, hushuka hata mgonjwa adhani amepona, kisha hurudi tena na tena. Katika mwaka 1905 Joseph Dutton na mwenzake John Todd walionyesha katika Kongo ya mashariki ya kuwa papasi ndiye aichukuaye; na Dutton mwenyewe alikufa kwa homa hiyo hiyo huko Kasongo, mwezi wa Februari mwaka huo. Mwaka uo huo Robert Koch, Mdachi, aliwatafuta papasi katika nyumba za kupumzikia wasafiri, penye njia za misafara ya nchi hii yetu, akawapata. Akaona na jambo jingine la kutisha: papasi mwenye vijidudu huwarithisha watoto wake kwa mayai, hata nyumba ikabaki na maradhi kizazi baada ya kizazi. Baadaye Rudolf Geigy wa Basel, aliyeanzisha maabara ya Waswisi pale Ifakara katika miaka ya 1950, naye aliwachunguza papasi wa Tanganyika kwa muda mrefu.

Koch alieleza neno ambalo wenye nyumba yafaa walishike. Wenyeji wa mahali penye papasi, waliokwisha kuumwa tangu utoto, mara nyingi hawaugui sana. Aanguaye ni mgeni. Na katika desturi yetu mgeni hulala wapi? Hutandikiwa mkeka sebuleni, au ukumbini kama wageni ni wengi wakati wa arusi na msiba. Mwenyeji alala salama kitandani chumbani mwake, na yule aliyekuja kumpa pole arudi kwao na homa siku ya saba. Watoto wadogo nao huipata vibaya, na mama mwenye mimba zaidi ya wote, kwa maana yaweza kumharibia mimba au kumwua mtoto akiisha kuzaliwa. Tena kipimo cha haraka cha malaria hakiioni homa hii, wala dawa ya malaria haiiponyi. Damu hutazamwa kwa darubini, na tiba yake iko hospitali.

Basi sebule isafishwe namna gani? Toeni vyote kwanza: viti, makochi, mikeka, masanduku, mikeka ipigwe na kuanikwa juani siku nzima. Toeni na picha za ukutani na kalenda za miaka iliyopita. (Sijui kwa nini twazipenda kalenda za zamani hivi, nimeona ukuta wenye kalenda saba, na nyuma yake ufa wa kuingiza mkono.) Kisha anzeni juu: masizi, tando, viota vya nyigu, halafu kuta, na sakafu iwe ya mwisho. Sakafu ya udongo inyunyizwe maji kabla ya ufagio. Taka zisimwagwe mlangoni, zichomwe moto.

Lakini ufagio humfukuza papasi hata ndani ya ufa tu. Kazi yenyewe ni ufa. Chokoeni vumbi la ndani kwa kijiti au kisu kikuukuu, kisha zibeni kwa udongo wa kichuguu uliopondwa na kukandwa vizuri, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Yakikauka na kupasuka, rudieni. Wala kazi hii si ya mama na binti zake peke yao. Kukanda udongo na kuinua masanduku kwataka baba na vijana.

Siku hizi nyumba nyingi za Namawala ni za matofali na bati, na hayo ni mema. Walakini nimeingia sebule yenye kabati la vioo na makochi ya vitambaa, na chini yake udongo mtupu wenye nyufa. Kama fedha za mpunga ni chache, mimi ningenunua saruji ya sakafu kabla ya kabati.

Habari ya mbu mwaijua. Hesabu zilizofanywa Namawala karibu na mwaka 1990 zilionyesha ya kuwa mtu aliweza kuumwa na mbu wenye malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka mmoja. Vyandarua vyenye dawa vimepunguza sana. Mbu akisha kunyonya hupenda kutua ukutani penye giza, nyuma ya nguo zilizotundikwa mlangoni. Ukumbi usigeuzwe kabati la nguo.

Tena mgeni apewe kitanda na chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Pasipo kitanda cha ziada, vijana wa nyumbani wampishe chao.

Magunia yaingie baada ya udongo kukauka, siku tatu au nne. Yawekwe juu ya magogo au fito, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Maana gunia likigusa ukuta, panya hukaa nyuma yake, na hakuna atakayeuona ufa ule mpaka mpunga uuzwe.