Kirusi Kimoja, Watu Wawili: Kwa Nini Homa ya Ini Haina Mwisho Mmoja kwa Wote



Katika shamba moja la miwa ambalo huwa nalitembelea kwa kazi ya chama hapa Uganda, wakata miwa wawili walipimwa damu siku moja. Wote wawili walitoka wilaya moja ya kaskazini, na kambini walikuwa wakilala chumba kimoja kwa miaka mingi. Mmoja aliambiwa kwamba ana kirusi cha homa ya ini aina ya B. Mwingine aliambiwa kwamba kirusi hicho kilimwingia zamani, mwili wake ukakishinda, wala yeye mwenyewe hakujua.

Haikupita wiki habari ikawa imeenea kambi nzima. Yule wa kwanza akatengewa sahani na kikombe. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni pombe. Nyapara alimpeleka kwa meneja ili aachishwe kazi, eti damu yake ni mbaya. Yule wa pili naye akaanza kujisifu kwamba damu ya ukoo wao ni chuma, kwa hiyo wanawe hawana haja ya chanjo.

Chama kilikwenda kwa meneja pamoja na mganga wa zahanati, na mwenzetu yuko kazini hadi leo. Lakini niliona kwamba anayelaumu na anayejisifu wamepotea njia moja. Kwa hiyo nilimwuliza mganga, nikasoma, na sasa nawaeleza kama nilivyoelewa.

UMRI NI JAMBO LA KWANZA

Kirusi cha aina ya B kikimwingia mtoto mchanga, watoto wapatao 90 katika kila 100 hubaki nacho miaka na miaka. Kikimwingia mtu mzima mwenye afya, wanaobaki nacho hawafiki 5 katika 100. Huenda basi mwenzetu yule alikipata kwa mama yake siku ya kuzaliwa. Je, hilo ni kosa lake?

Lakini umri peke yake hauelezi yote. Hata watu wa umri mmoja, walioambukizwa kwa njia moja, hawamalizi sawa.

MFANO WA AKINA MAMA WA IRELAND

Katika miaka ya 1977 na 1978, nchini Ireland, akina mama waliojifungua na ambao damu yao haikupatana na ya watoto wao walipigwa sindano ya dawa iliyotengenezwa kwa damu ya watu. Baadhi ya dawa hiyo ilikuwa na kirusi cha homa ya ini aina ya C. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1994, na akina mama 62,667 wakapimwa. Kati yao 704 walionekana kwamba kirusi kiliwahi kuwaingia. Lakini waliokutwa bado wanacho damuni walikuwa 390 tu. Wale 314 wengine miili yao ilikuwa imekwisha kukifukuza.

Fikirini, ndugu. Wote ni wanawake, wote walikuwa katika umri wa kuzaa, na kirusi kilitoka mahali pamoja. Wataalamu walipochunguza damu yao, waliona kwamba baadhi ya alama za mwili ambazo mtu hurithi kwa wazazi zilionekana zaidi kwa wale walioshinda. Huko Gambia pia, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1995, alama mojawapo ya namna hii ilionekana zaidi kwa watu walioshinda kirusi cha aina ya B.

ALAMA HIZO HUFANYA NINI?

Kila mmoja wetu amepewa chembe za urithi, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ni maagizo ambayo mwili hufuata katika kujijenga na kujilinda.

Chukueni mfano wa askari wa geti. Mwizi akiingia kiwandani, lazima mtu awaonyeshe askari kofia yake au kiatu alichoacha, wapate kumtambua. Zile alama za kurithi hufanya kazi hiyo. Huchukua kipande cha kirusi na kukionyesha kwa askari wa mwili. Alama za huyu huonyesha kipande fulani vizuri, na za yule hukionyesha vibaya.

Tena kuna king'ora. Seli iliyovamiwa hupiga king'ora ili jirani zake wajifunge tayari. Mwaka 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali waligundua kwamba tofauti ndogo katika chembe za urithi zinazohusu king'ora hiki hubadili mwendo wa homa ya ini aina ya C. Wenye namna moja hushinda kirusi kwa urahisi zaidi. Wenye namna nyingine huelekea zaidi kubaki nacho.

FUNZO LA DAWA

Hapa pana jambo la kutufikirisha sisi Waafrika. Zamani homa ya aina ya C ilitibiwa kwa sindano zilizotegemea king'ora hichohicho. Huko Marekani watu weusi walipona wachache kuliko weupe. Ugunduzi wa 2009 ulionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti hiyo ilitokana na ile chembe ya urithi, kwa sababu namna iliyo nzuri kwa ugonjwa huu ni haba zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika.

Je, basi tumehukumiwa? Hapana. Tangu miaka ya 2013 na 2014 zimepatikana tembe zinazopiga kirusi chenyewe. Humezwa kwa wiki 8 hadi 12, na wagonjwa wengi sana, katika nchi nyingi zaidi ya 95 kwa 100, hupona, wawe wamerithi namna hii au ile. Kirusi cha aina ya B bado ni vigumu kukiondoa kabisa, lakini wanaohitaji dawa hupewa tembe za kila siku zinazokidhibiti na kulilinda ini.

KWA HIYO TUFANYE NINI?

Kwanza, asiwepo wa kujisifu kwa damu ya ukoo. Watoto wa tumbo moja hawarithi sawa. Baba aliyeshinda aweza kuzaa mtoto atakayeshindwa, na hakuna awezaye kulijua hilo kwa kumtazama usoni. Uganda ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya aina ya B mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Tupimwe. Asiye na kirusi wala kinga amalize sindano zote tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Mtoto apewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Pili, asiwepo wa kutengwa. Kirusi hiki hakipiti kwa sahani, kikombe wala kupeana mikono. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana na kwa mama kumpa mtoto. Tusiazimane nyembe. Mtu akijikata kwa panga, anayemfunga jeraha avae glavu. Glavu na sanduku la huduma ya kwanza tuvidai kwa mwajiri.

Tatu, mwenye kirusi aache pombe, aende zahanati kwa tarehe aliyopangiwa. Na mahindi au karanga zenye ukungu tuzikatae: sumu ya ukungu huo ikikutana na kirusi cha aina ya B huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Unga wa posho ukiwa mbovu, mpelekee mwakilishi wako siku hiyohiyo.

Hakuna aliyechagua wazazi wake, wala umri wa kuambukizwa. Mtu asifukuzwe kazi kwa jambo hilo. Akitishwa, aje chamani kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote.