Maziwa Yako Hayana Wepesi

Mama mpenzi, hapa Kate msimu wa kulima ukifika, mtoto wa miezi miwili huachwa kwa bibi, na uji mwembamba wa mahindi huanza. "Maziwa yako mepesi," mama huambiwa. Kliniki naletewa kadi: mstari wa uzito uliokuwa ukipanda umelala.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Rukwa wamedumaa.

Uji hujaza tumbo dogo. Mtoto hunyonya kidogo, na maziwa hupungua, maana kunyonya ndiko kunakoyaleta. Maji yasiyo safi nayo huleta kuhara.

Wataalamu wamegundua pia kwamba maziwa ya mama yana chembe ziitwazo mikroRNA, ambazo ndani ya seli hutuliza kazi za jeni fulani. Kunyonya hakubadili jeni alizorithi mtoto, bali huenda kukasaidia kupanga zipi zifanye kazi. Hilo bado linachunguzwa.

Basi, mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, wala usimwage dang'a. Miezi 6 apewe maziwa yako tu. Kisha mwongezee uji wa ulezi, maharage na dagaa, akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Shambani nenda naye, au mkamulie katika kikombe safi chenye kifuniko.

Na bibi mje naye kliniki. Akiuona mstari ule, atakuwa msaidizi wako wa kwanza.