Kuchagua Antena ya Redio kwa Lori la Parokia



Parokia inapopata lori, iwe kwa michango ya waumini au kwa msaada wa wafadhili, suala la mawasiliano huja mapema kwenye kikao cha kamati. Sisi wa Ushirombo tunalielewa vizuri. Barabara kuu kutoka Isaka na Kahama inapita hapa kwetu, kisha inaendelea Nyakanazi, Lusahunga hadi Rusumo mpakani na Rwanda. Mwaka 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 walipovuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, shehena nyingi za chakula zilifika Isaka kwa treni na kupakiwa kwenye malori kufuata njia hii. Kwa miaka mingi magari yalivuka mapori ya huku kwa misafara, yakisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi.

Simu za mkononi zimerahisisha mambo mengi. Hata hivyo, simu humfikia mtu mmoja, tena mahali penye mnara tu. Redio ya lori huwafikia madereva wote wa msafara kwa wakati mmoja. Dereva wa mbele akikuta gogo limelazwa barabarani, wa nyuma anasikia kabla hajafika. Kwa lori lililobeba dawa au mahindi ya shule, tofauti hiyo ni kubwa.

Makala hii inahusu antena kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Redio ya bei kubwa yenye antena mbaya haisikiki. Redio ya kawaida yenye antena iliyofungwa vizuri inafanya kazi.

1. Kwanza fahamuni aina ya redio

Kila antena hutengenezwa kwa kipimo cha masafa ya redio yake. Hesabu yake si ngumu: gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Antena ya gari kwa kawaida hulenga robo ya urefu huo.

Redio ya CB hutumia megahezi 27 hivi. Wimbi lake ni mita 11, na robo yake ni karibu mita 2.75. Redio hizi zilipata umaarufu kwa madereva wa malori wa Marekani miaka ya 1970. Nguvu yake ya kawaida ni wati 4, nayo hufaa kwa mazungumzo ya lori kwa lori, umbali wa kilomita chache.

Redio ya VHF ya megahezi 150 ina wimbi la mita 2, hivyo antena yake ni ya sentimita 50 tu.

Redio ya upepo, yaani HF, kwa mfano ya megahezi 5, ina wimbi la mita 60. Robo yake ni mita 15, urefu usiowezekana juu ya lori. Ndiyo maana antena zake za magari huwa na koili kubwa au kifaa cha kuzirekebisha. Faida yake ni kwamba mawimbi hudundishwa na tabaka za juu za anga na kufika mamia ya kilomita.

Kwa hiyo antena ya redio moja haifai kwa nyingine, hata kama plagi inaingia.

2. Ulizeni kibali kabla ya kununua

Matumizi ya masafa ya redio yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ofisi ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Kamati iulize kwanza ni redio na masafa gani yanaruhusiwa kwa matumizi yake. Jambo hili lihusu pia vifaa vinavyoletwa kama zawadi kutoka nje.

3. Urefu wa antena

Tukichukua CB kama mfano, antena ya mita 2.75 ni bora kwa kusikika, lakini juu ya lori hugonga matawi na kukatika. Watengenezaji hufupisha antena kwa kuzungusha waya kama koili. Antena ya faibaglasi ya mita 1.2 hadi 1.5 ni chaguo la kati linalofaa malori mengi. Zile fupi sana, za sentimita 50 au 60, huvutia kwa bei na umbo, lakini hupunguza umbali wa kusikika.

Angalieni koili iko wapi. Ikiwa antena itafungwa kwenye mkono wa kioo cha pembeni, koili iwe juu, ili ipite paa la kichwa cha lori. Koili iliyofichwa ubavuni mwa bati hupoteza nguvu. Aidha, springi chini ya antena huisaidia kulala inapogonga tawi.

4. Mahali pa kuifunga, na ethi

Antena ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni bati la gari lililo chini yake. Katikati ya paa la chuma ndipo mahali pazuri zaidi, iwapo urefu unaruhusu. Mkono wa kioo ni mahali pa pili. Kontena au mzigo mrefu nyuma ya kichwa hukinga mawimbi, hivyo lori la nyuma litawasikia kwa shida kidogo.

Fundi akwangue rangi na kutu pale kishikio kinapogusa chuma. Kwenye malori ambayo kichwa huinuliwa kufikia injini, kichwa hukaa juu ya raba. Afunge waya mpana wa ethi kutoka kichwa hadi chesisi, na aiachie kebo nafasi ya kutosha isikatike kichwa kikiinuliwa. Kama paa ni la faibaglasi, nunueni antena iliyotengenezwa kufanya kazi bila bati.

Wengine hupenda antena mbili, moja kila upande. Ili zisaidiane ipasavyo zinahitaji kuachana kwa mita 2.7 hivi, na kichwa cha lori kina upana wa kama mita 2.5. Antena moja nzuri inatosha.

5. Kupima kabla ya kuzungumza

Kifaa kinachoitwa kipimo cha SWR huonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi redioni badala ya kwenda hewani. Namba 1.5 ni nzuri, kwani hurudi asilimia 4 tu. Namba 2 inavumilika. Kwenye 3 inarudi robo nzima, na redio inaweza kuungua. Pimeni chaneli ya 1 na ya 40. Namba ikiwa kubwa zaidi kwenye 40, antena ni ndefu mno, ipunguzwe kidogo. Ikiwa kubwa zaidi kwenye 1, ni fupi mno, irefushwe. Ikiwa kubwa kote, tafuteni ubovu kwenye ethi au kebo. Kazi hii ifanyike mahali pa wazi, mbali na kuta na nyaya za umeme.

Kumbukeni pia kwamba malori mengi hutumia volti 24, wakati redio nyingi za CB ni za volti 12. Nunueni kipunguza umeme. Kuchukua waya kwenye betri moja kati ya mbili huziharibu betri zote.

Kwa kamati na wafadhili

Tunashauri bajeti isiandikwe “redio” peke yake. Iandikwe redio, antena ya masafa yake, kishikio na springi, kebo ya omu 50, waya wa ethi, kipunguza umeme, kibali, na malipo ya fundi. Kipimo cha SWR kimoja kinaweza kutumiwa na parokia kadhaa kwa zamu. Mwisho, dereva na utingo wake wafundishwe kuangalia antena kila wanapoangalia matairi, kwa sababu kiungo kilicholegea hakitajulikana mpaka siku mtu atakapoita na asisikike.